Vijiji Vitatu Bila Salamu

Faustina alikuwa akiwahi hospitali Iringa kumtolea damu mdogo wake. Tangu apande basi, akitokea Ubaruku, macho yake hayakubanduka kwenye saa. Hata mama waliyekaa naye kiti kimoja, Faustina hakumtazama wala kumsalimia.

Kiti cha mbele vijana wawili walikuwa wakicheza mchezo wa kubuni safari. Aamir alisimulia njia, Lusekelo akamwongoza shujaa wake na kurusha dadu. "Dawa ya malkia ifike kabla jua halijazama," Aamir alisema. "Sasa uko mtoni, mto umefurika, na mwenye mtumbwi anakataa kukuvusha."

"Anakataaje? Mtu anakufa!"

"Umepita vijiji vitatu mbio, hujasalimia hata mtu mmoja. Habari zako zimetangulia. Huku wanakuona mwizi."

"Acha hizo, Aamir! Ningesalimia kila mzee ningefika kesho kutwa. Si wewe uliyesema niwahi?"

"Nilisema uwahi, sikusema uwe bubu. Rusha dadu. Ukipata chini ya tano, malkia ndiyo basi tena."

Lusekelo aliibana dadu kwenye ngumi, hataki kurusha. Faustina naye akajikuta amebana pumzi, utadhani malkia ni wa tumbo moja naye.

Basi likasimama Ipogolo, kituo chake cha kushukia Iringa. Faustina akainuka upesi, akakuta gunia la mchele la yule mama limeziba njia yote.

"Shikamoo, mama. Naomba nipite, nina mgonjwa."

"Marahaba," mama aliitikia, gunia halijasogea. "Kumbe unaongea."