Kwa Nini Akina Mama Hawashuki Basini

Banda langu la chakula liko Garsen, pale basi la Lamu linaposimama kungoja askari wa kusindikiza msafara. Nililirithi kwa mama mkwe, pamoja na benchi la mbele na wazee watatu wanaolikalia. Benchi liko chini ya ukingo wa makuti, mlangoni kabisa, kwa sababu kivuli hakipatikani kwingine. Anayetaka kuingia husema samahani mara tatu na kuruka miguu sita. Wiki iliyotangulia, dereva Nassir aliniambia: "Mama Nzai, wanaume wanakula kwako, lakini akina mama wanabaki ndani ya basi na biskuti, halafu wananinung'unikia mpaka Witu. Jumamosi nikiona bado hawashuki, nitaanza kusimama ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli mpya." Jumamosi ikafika. Wali ulikuwa umeiva, kambare yuko kwenye nazi, mtoto amelala mgongoni. Wazee walikuja mapema ili wanisaidie kufikiri.

Wa kwanza kusema alikuwa Omar wa Kipini. Tunamwita Daktari, kwa kuwa zamani alifagia zahanati.

— Mimi nimewaza usiku kucha. Ni barabara. Tangu zile mvua za El Nino, mashimo yamezidi. Tumbo la mwanamke hurushwa juu, likishuka linakaa upande. Akifika hapa halijui chakula kitapitia wapi.

— Na tumbo ya mwanaume? — akauliza Mzee Galma. — Iko na springi?

— Mwanamume ana mkanda.

Galma tunamwita Ramani. Alisafirisha ng'ombe kwa lori miaka mingi, na hakuna mahali pa kula kutoka Hola hadi Mombasa asipopajua.

Baya akaweka kikombe chini. Yeye ni Redio. Habari zote hupitia kwake, na zikipita huongezeka.

— Wacheni matumbo. Malindi kuna hoteli wameweka samaki hai ndani ya kioo. Abiria anaonyesha kwa kidole, huyu! Na sisi tuweke kambare kwenye karai, hapa mbele.

— Kambare na ndevu zake? — akasema Ramani. — Huyo mama atarudi Mombasa kwa miguu.

— Basi sema wewe uliyekula dunia nzima. Wapi palikuwa pazuri?

Ramani akanusa kahawa yake.

— Gongoni, chai nzuri. Mombasa, pilau, lakini makelele. Mahali mimi nilipenda ni kwa mama mmoja, karibu na Hola. Maji ya kunawa iko, mkeka iko, buni za kahawa amekaanga kwa samli. Nilikula mpaka nikalala. Ng'ombe walinisubiri kwa lori.

— Na kwa nini hapo palizidi kwingine?

— Hakuna mtu aliniangalia nikila.

— Mmesikia! — Daktari akapiga goti. — Ni zile buni! Dawa ni buni!

Mimi nilikuwa nageuza chapati. Neno nilikuwa nalo, tena kwa miezi. Lakini maji ya El Nino yalipochukua banda hili, ni hawa watatu waliokuja na makuti mabegani wakalijenga upya, bila kuitwa. Mtu kama huyo utamwambiaje aondoe miguu yake?

Redio akainama, akashusha sauti.

— Nitawaambia ukweli. Wale si abiria. Wametumwa na hoteli ya ng'ambo wakae tu ndani ya basi, ili Mama Nzai aaibike.

— Na wale watoto wamewapakata? — Ramani akauliza. — Wametumwa pia?

— Mtoto ndiye mkubwa wao.

Basi likaingia, vumbi likatangulia. Wanaume walishuka, samahani, samahani, samahani, wakaruka. Madirishani zikabaki nyuso za akina mama. Nassir alisimama kando ya basi, mikono nyuma, akitazama.

Kisha akashuka mmoja, kijana wa umri wangu, buibui limejaa vumbi, mtoto mchanga kifuani. Alikuja hadi hatua nne kutoka kwenye benchi, akasimama.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu! Karibu! — walijibu kwa pamoja. — Karibu chakula!

Hakusogea. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto.

— Ahsanteni, wazee wangu. Mlango uko wapi?

Redio aligeuka nyuma. Daktari alitazama juu, kana kwamba mlango huenda uko kwenye makuti. Ramani alitazama miguu yake mwenyewe, akaitazama sana.

— Mzee Galma, — nikasema, na sauti ilitoka ndogo, — mlango mmeukalia.

— Tangu lini?

— Tangu mlipoujenga.

— Na wewe umenyamaza tu, binti yangu?

Mzee Galma akainuka.

— Redio, shika huko. Daktari, kaza mkanda.

Walilibeba benchi hadi ng'ambo ya jiko, juani, wakaketi wametugeuzia migongo. Yule kijana akaingia, akanawa, akaketi mkekani na kumfungua mtoto. Kisha akachungulia nje na kupungia basi mkono. Akashuka bibi mmoja na fimbo yake, wakashuka wawili, wakashuka wengine wakishikana mabega. Nassir alizima injini.

Wali ulikuwa unakaribia kwisha niliposikia Ramani akiita kutoka juani, bila kugeuka:

— Mama Nzai! Kahawa yetu je? Ama tumesahauliwa huku?

Nikachukua birika, nikatoka kupitia mlangoni. Sikuruka mguu wa mtu.