Kampuni Tatu kwa Jina la Arap Lelei

Shilingi milioni nne na laki mbili, hilo ndilo deni la ushuru lililoandikwa kwa jina la marehemu, na jana kamati ya mazishi ililizozania mpaka chai ikapoa, wengine wakitaka lisisomwe mbele ya wageni, lakini Mama Priscah, mjane wake, amesema lisomwe, kwa sababu shamba linalotishiwa mnada ni hili mnalokanyaga.

Mzee Joel Kipkoech arap Lelei alizaliwa tarehe 3 Aprili 1961 huko Timboroa, akasoma mpaka darasa la saba mwaka wa 1976, pesa ya shule ikakosekana, akashika nyundo na patasi, akajifunza uashi kwa kutazama wenye kujua, na kuta zake kutoka kule hadi hapa Soy hazijapata ufa. Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na Priscah, wakahamia hapa, Mungu akawajalia Brian na Jepchumba.

Mwaka wa 1991 serikali ilileta mpango wa kuwatengea wenyeji wa kabila letu kazi za ujenzi, ikasema ni wa miaka mitano tu, ili nasi tusimame, na marehemu aliupokea kwa mikono miwili, maana ni kweli wakati huo mwenyeji alikuwa wa kubebeshwa mawe, si wa kupewa kazi. Leo ni miaka thelathini na minne, mpango ungalipo, na mwenyeji bado anabeba mawe.

Bwana Lawrence wa Elgon View, ule mtaa wa matajiri Eldoret, ambaye ni damu yetu na tuko naye hapa, alimjia mwaka wa 2008, akamwambia, arap Lelei, wewe nipe kitambulisho tu, hiyo nyundo pumzisha, basi kampuni tatu zikafunguliwa kwa jina la marehemu, kazi zikapatikana, Lawrence akabaki na vinono, akamwachia makombo Abdirahman, muuza vifaa vya ujenzi wa pale mjini, ambaye ndiye aliyejenga, na ambaye amezaliwa Eldoret lakini fomu ya mpango haimtambui kuwa mwenyeji. Marehemu alipewa elfu tano kwa kila sahihi, na ushuru ambao kampuni hazikulipa ukabaki kwa jina lake. Alipoenda kuomba uashi kwenye zahanati yetu, msimamizi alicheka, akamwambia, Mzee, si jina lako ndilo liko kwa ule ubao nje, wewe ndiye mkubwa hapa, naye marehemu akarudi nyumbani na nyundo yake ndani ya gunia.

Mwaka wa 2019 Jepchumba alinyimwa basari, kwa sababu karatasi zilisema baba yake ana kampuni tatu, na marehemu alikuwa akisema, mimi ni tajiri, ni vile tu sijaambiwa. Tangu hapo alidai kitambulisho chake, akaambiwa ngoja kazi hii iishe, akangoja hii, akangoja ile, miaka sita.

Kifua kilimshika Agosti 2023, ni vumbi la mawe, akaomba msamaha wa bili kama maskini wengine, akajibiwa kwamba kontrakta hasamehewi, na akatutoka tarehe 22 Mei 2025, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia haisemi wenyeji wasisaidiwe, tumechoka tu na msaada unaouliza kabila la mtu na hauulizi nani ameshika mwiko, unaoingia kwa jina la maskini na kulala Elgon View.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Soy waliochanga mpaka kuku, mafundi wenzake waliochimba kaburi bila kuitisha hata soda, na Abdirahman, aliyelipa bili ya hospitali akakataa kuandikwa kwenye daftari la michango.

Lala sasa, arap Lelei, umebeba ya kutosha.

Na wewe Bwana Lawrence, kitambulisho chake na vyeti vya zile kampuni tatu, mkabidhi Mama Priscah leo, kabla kaburi halijafunikwa.