Lydiah Kageha, Aliyetualika Dalaguete Mara Nne

Wazee wetu, ndugu, majirani wa Haltom City, na nyinyi wa Houston mliotoka huko kukiwa bado na giza, asanteni kwa kufika. Mimi ni Sheldon, mtoto wa Elphas, mdogo wake marehemu. Baba ameniambia nisome pole pole na niwache utani. Kusoma pole pole nitaweza.

Shangazi Lydiah Kageha alizaliwa tarehe 6 Juni 1971 huko Chavakali, Vihiga, akiwa mtoto wa tano kati ya sita wa marehemu Ezekiel Asava na marehemu Rebecca Mbone. Baba yangu ndiye kitinda mimba, na Shangazi ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yao yuko shambani. Mpaka mwaka jana, kila akiumwa na mgongo, alikuwa anampigia simu Baba na kumwambia, "Elphas, huu ni wewe. Ulikuwa na miaka minne, miguu yako inafika chini, na bado unataka kubebwa." Baba hajawahi kukanusha.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Chavakali hadi 1985, akaenda sekondari ya bweni Kakamega, akamaliza 1989. Mwaka wa 1991 alijiunga na chuo cha uuguzi Nakuru, akahitimu 1994. Alikuwa anapenda kusoma, lakini kukaa kimya ndiko kulimshinda. Ripoti zake zote zinasema kitu kimoja: anaweza, ila anaongea sana. Tunazo nyumbani. Ni ukweli.

Nakuru ndiko alikokutana na mjomba wetu Gichuki, aliyekuwa na duka la vipuri vya magari. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1998. Hawakujaliwa mtoto, kwa hivyo sisi watoto wa ndugu zake wote tulikuwa wake, na alitugombeza wote sawasawa bila ubaguzi. Mwaka wa 2004 walihamia Houston, wakaanzia chumba kimoja Gulfton, halafu wakapata nyumba Sharpstown. Mjomba Gichuki alifariki ghafla tarehe 9 Mei 2017. Baada ya hapo Shangazi alinyamaza. Kama ulimjua, unaelewa hilo lilikuwa jambo la kuogopesha kiasi gani.

Kazi yake hapa, miaka ishirini na moja, ilikuwa kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kusini-magharibi mwa Houston. Huko ndiko alikofanya shifti moja na Marivic Cabahug. Marivic anatoka Dalaguete, mji mdogo wa wakulima wa mboga, kusini mwa kisiwa cha Cebu, Ufilipino. Yeye ndiye aliyemwona amenyamaza na akakataa abaki hivyo. Mwaka wa 2019 alimwambia, "Lydiah, nimekununulia kofia ya jua. Sasa ni lazima uende." Wakaenda Dalaguete.

Aliyerudi alikuwa Shangazi yule wetu wa kelele. Group ya familia haikupumzika tena. Picha za gwaride la mboga, watu wamevaa kabichi na karoti wanacheza barabarani. Picha za basi wakienda Argao na marafiki wa Marivic kula keki, siku nzima, keki tu. Video ya maporomoko ya maji huko Barili, dakika nane, saba na nusu ni kidole chake. Sisi tukawa tunajibu na kidole gumba. Wengine wetu hata hicho kidole tulikihurumia. Mimi nilitengeneza stika ya uso wake na kabichi kichwani, nikaituma mpaka kwa watu wasiomjua. Yeye akaipenda, akaiweka kuwa picha yake ya WhatsApp.

Safari ya 2023 ndiyo iliyompa hadithi aliyoisimulia kila Krismasi. Kule, siku ya sikukuu ya kijiji, kila nyumba inapika na milango inakuwa wazi. Mgeni yeyote anaingia, anakula, hata kama hajulikani. Marivic alimweleza, "Ukiona turubai, viti, na watu wanakula, ingia. Usipoingia utawaudhi." Basi Marivic akiwa kanisani, Shangazi akaenda kutembea peke yake. Akaona turubai. Akaona viti, watu wanacheza karata, masufuria yanatoa moshi. Akaingia, akasalimia wote kwa mkono, akapewa sahani. Akaongeza nyama. Akaongeza tena. Halafu akamshika mkono mama mmoja mzee na kumwambia kwa furaha, "Heri ya sikukuu!" Yule mama akamtazama, akamwonyesha ndani ya nyumba. Kulikuwa na jeneza jeupe, na taa pande zote mbili.

Kule watu wanakesha na marehemu siku kadhaa, wanapika, wanacheza karata ili mtu asilale. Shangazi hakujua. Lakini yale mengine alijua. Aliweka sahani chini, akakunja mikono ya blauzi, akaenda nyuma ya nyumba na kuanza kuosha sufuria kama mtu aliyezaliwa kwenye ule ukoo. Marivic alimtafuta kwa saa mbili nzima. Alimkuta ameketi kati ya wanawake wa matanga, anamenya vitunguu, analia pamoja nao.

"Unamlilia nani?" Marivic akamwuliza.

"Sijui jina lake," Shangazi akasema, "lakini nimekula nyama yake vipande vitatu. Siwezi kuondoka hivi hivi."

Alitutumia hadithi hiyo kwa sauti, dakika kumi na moja. Nikamjibu, "Shangazi, wewe ndiye mtu wa kwanza kwenda matanga kwa ajili ya menyu." Alicheka sana. Halafu akaandika, "Njooni na mimi mwakani. Huko watu wananiuliza, wewe huna wako?"

Hilo ndilo alilotaka. Hakuwahi kutuomba kitu kingine. Alitaka siku moja ateremke kwenye lile basi akiwa na mtu wa kwao, aseme, huyu ndiye wangu. Alitualika mara nne. Baba alisema mwaka ujao, mara nne. Ma-cousin tukasema tutaona. Kwa safari ya Februari 2025 mimi nilisema ndiyo. Nilikata tiketi, nikaomba likizo, nikapewa. Siku kumi kabla ya kuondoka nilimpigia nikamwambia kazi imenibana.

"Kazi ni kazi, baba," akaniambia. "Usijali. Mlima hauendi popote."

Haikuwa kazi. Ilikuwa birthday ya rafiki yangu, huko mjini Austin. Nimeona bora niliseme hapa mbele yake, kwa sababu kwa simu nilidanganya. Siku ya hiyo birthday alipanda ule mlima wao, kilele cha Osmeña, na Marivic, akanipigia video anionyeshe bahari kutoka juu. Niliona jina lake kwenye simu. Nilibonyeza kile kitufe chekundu.

Mwezi wa Septemba 2025 alianza kulalamika tumbo. Tarehe 22 aliambiwa ni saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshaenea. Alitibiwa hapo hapo Houston. Sisi wa huku upande wa Fort Worth tulikuwa tunafika Jumamosi, baada ya saa nne na nusu barabarani, na tukifika tunakuta Marivic ameshamsuka nywele, ameshamlisha uji. Siku moja kwenye korido Marivic aliniuliza, "Ni wewe Sheldon?" Nikasema ndiyo. Akasema, bila ukali wowote, "Mama yangu kule Dalaguete alikutandikia godoro Februari. Alilitandua baada ya wiki mbili. Alidhani labda ndege imechelewa."

Sikuwa na stika ya hilo.

Shangazi Lydiah alifariki Jumanne, tarehe 3 Machi 2026, saa moja na robo asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne. Baba alikuwa amemshika mkono mmoja, Marivic mwingine.

Tulipokuwa tunaandika programu hii, jina la Marivic halikuwa kwenye orodha ya jamaa. Nilimwambia Baba tuliweke. Akasema, "Sheldon, orodha ni ya damu na ndoa. Hivyo ndivyo inavyoandikwa. Nikiweka rafiki mmoja, nitawaambia nini wengine wa kanisani?" Nikamwambia, "Baba, mara nne alituuliza kama ana wake. Nani alimjibu?" Baba alikasirika, akaondoka mezani. Jana asubuhi nilikuta karatasi jikoni, maandishi yake. Nimechapisha kama alivyoandika, na ameniambia pia jinsi udongo utakavyotupwa leo: ndugu kwanza, kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Marehemu ameacha kaka zake, Jafred Asava na Wycliffe Asava, walio Chavakali. Dada yake Beatrice Kavaya wa Kitale. Dada yake Joyce Mmbone wa Eldoret. Dada yake Marivic Cabahug wa Dalaguete na Houston. Na mdogo wake Elphas Asava wa Haltom City. Ameacha wapwa kumi na watatu, na wajukuu sita, watoto wa wapwa hao.

Dada Marivic, utatupa udongo kabla ya Baba, kwa sababu umemtangulia kuzaliwa mwaka mmoja. Ameuliza na kuhakikisha.

Shangazi, lala salama mikononi mwa Mungu. Tulikuwa na nafasi ya kwenda nawe, na hatukwenda.