Thuluthi ya Swabir

Sogeeni, wanangu, na wewe Idris usisimame hapo mlangoni kama mtu anayengoja gari; ingia, kaa nikuone uso. Nusra, inua huo mto, hapana, si hivyo, uweke chini ya bega, haya, uache hapo hapo. Ndugu yangu Twahir yupo, na jirani yetu Mbarak yupo, nao nimewaita wawe mashahidi, maana nitakayoyasema nataka yasikiwe na watu wazima wenye akili zao, yasije yakageuzwa nikishafunikwa. Nimewaita kwa ajili ya Swabir. Mengine yapo na nitayataja, lakini roho yangu inahangaika kwa ajili ya Swabir, na hospitali ya Msambweni wamenirudisha nyumbani bila kunipa dawa ya hilo.

Mbarak anajua, ila nitasema ili iwe imesemwa. Dama, mama yake Swabir, alikuwa jirani yetu hapa hapa Mwabungo, akajifungua juma lile lile nililomzaa Nusra, na hakuwahi kuimaliza arubaini yake. Nikamchukua mtoto nikampa ziwa la kushoto, Nusra akabaki na la kulia, wakawa wanapigana mateke hapa kifuani mwangu, na wewe Idris ulikuwa mkubwa wa kutosha kumbembeleza mmoja nikiwa na mwingine, na mara nyingi ulimchagua yeye. Kwa hiyo ni ndugu yenu wa kunyonya. Nusra hana haja ya kujitanda mbele yake, wala hawezi kuolewa naye. Lakini kurithi, harithi. Hilo nimeambiwa na wanaojua, na mimi sina ugomvi na sheria ya Mungu. Ugomvi wangu ni na wewe, Idris.

Fungueni hilo dirisha. Nani anatembea huko uani? Kuku? Haya.

Mlipokuja kuniambia mnaanza kazi ya kutunza miti, nilicheka mpaka nikakohoa. Nusra anafundisha watoto wa chekechea siku za kazi, Idris ana duka lake la vipuri vya pikipiki Ukunda, na Swabir ndiye mkwezi, mtu ambaye miguu yake ilikuwa na raha zaidi mtini kuliko ardhini. Basi Jumamosi na Jumapili mkaamua kupogoa mivinje ya matajiri na kuangua nazi za mahoteli zisimwangukie mgeni akiota jua. Nikasema, watu watalipa kwa hilo? Kumbe watalipa. Kilichowasumbua ni lango. Askari wa hoteli ya kwanza aliwatazama na kamba zenu na msumeno wenu wa petroli, akauliza, bima iko wapi? Mkarudi nyumbani mmenuna kama watoto walionyimwa sikukuu.

Hapo ndipo mlipoanza kuzunguka. Kampuni ya kwanza ikasema kazi ya kupanda juu haiigusi. Ya pili ikasema ingeigusa kama ingekuwa ya wiki nzima, maana haina fungu la watu wa Jumamosi na Jumapili, ila mkitaka mlipe sawa na wa wiki nzima. Wakala wao alikuja mpaka kwenye minazi yangu, akaniuliza miti ya nani, nikamwambia yangu, akauliza na ardhi, nikamwambia ya wenyewe, akaacha kuandika akanikodolea macho. Mtoto wa bara, maskini, hakujua kwamba huku kwetu mtu humiliki mnazi asimiliki udongo unaousimamisha. Hakurudi. Kisha wewe Idris ukaingiwa na hofu ya dini, ukasema bima ni kamari, mpaka ustadh akatuelekeza kwa watu wa takafuli, wanaochanga ili wafidiane. Nusra alivaa viatu viwili vikaisha kwa hiyo bima, na sikumwona akikata tamaa hata siku moja. Nusra mwanangu, hilo sijawahi kukuambia. Nakuambia leo.

Basi akaja wakala wao, wa tatu huyo, akakaa ukumbini. Kijana wa adabu, alinipa shikamoo na akangoja niitikie. Akasema bima hii ni ya mali ya watu mtakayoiharibu, lakini wafanyakazi wana bima yao mbali, je, mnao wafanyakazi wanaopanda? Na anayemmiminia kahawa wakati huo ni Swabir. Idris ukasema, "Hatuna mfanyakazi hapa. Huyu ni ndugu yetu." Akauliza mara ya pili, kwa upole, nawe ukakunja uso ukamjibu kwamba kwetu mtu aliyelelewa nyumbani haitwi mfanyakazi. Wallahi nilifurahi. Nilijifuta macho kwa leso. Swabir akainamisha kichwa akitabasamu, na kahawa ikamwagika sahanini.

Kisha likaja lile la Galu. Mvinje mkubwa umeegemea nyumba ya mtu, Swabir yuko juu, tawi likageukia upande ambao hakuna aliyeutarajia, likapiga paa na kumkumba na yeye. Aliangukia vigae, halafu akaanguka chini. Bima ikaja ikalipa vigae, na sina neno nao, walifanya walichoahidi. Paa la yule bwana sasa linang'aa kuliko zamani. Swabir nyonga ilivunjika, na Nusra alipouliza alijibiwa kwa heshima zote kwamba wao waliandikiwa hakuna mfanyakazi.

Hapo sikukulaumu, Idris. Ulikosea kwa mapenzi, na kosa la namna hiyo lingefanywa na nyumba yoyote kuanzia hapa mpaka Vanga. Nani angemtaja ndugu yake kuwa kibarua huku anamnywea kahawa?

Lakini juzi mjomba wako Twahir alikuuliza hapo ukumbini, na Swabir tutamfanyaje, nami nimelala humu, na ukuta huu hauzuii neno. Nikakusikia ukisema, "Mjomba, yule alikuwa mtu wetu wa kazi tu. Siku zake alilipwa."

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Mtu wa kazi tu. Mbele ya bima alikuwa ndugu, kwa hiyo hakufidiwa. Mbele ya urithi amekuwa mtu wa kazi, kwa hiyo hapati. Niambie, mwanangu, aelekee upande gani, mtu ambaye hata kuelekea msalani anashikiliwa? Usinijibu. Sina pumzi ya kubishana nawe, na wewe kwa kubisha nakujua, umenirithi mimi.

Sasa sikilizeni, na mashahidi mshike maneno. Minazi yangu yote ya kule kisimani, ile niliyoachiwa na mama yangu, naiusia kwa Swabir. Twahir amenipigia hesabu, haipiti thuluthi ya nilicho nacho, na thuluthi ni yangu kumpa nimtakaye asiyekuwa mrithi. Nyumba hii na vilivyobaki vyote mtagawana wewe na Nusra kama sheria inavyosema, wala sitii mkono wangu hapo. Hatakwea tena, najua, lakini mwenye minazi si lazima akwee. Ataweka mkwezi, atakula kwa jasho la miti yake, na hakuna atakayemwita ombaomba katika kijiji alichokulia. Idris, unatikisa kichwa. Tikisa. Mbarak amekuona, na Mungu amekuona.

Na ile kazi msiiache. Nasikia Nusra umepata hoteli nyingine huko inakotazamana na kisiwa cha Chale, na mmemtafuta mkwezi mpya, mtoto wa shoga yangu Asiya. Basi kabla hajagusa mti, mpelekeni kwa watu wa bima, mseme waziwazi kwamba huyu ni mfanyakazi wetu, na mlipe cha kulipwa hata kama mwezi huo hamtabaki na kitu. Msione haya. Mama yake hatawalaumu kwa neno mfanyakazi, atawalaumu mkimrudishia maiti. Nyumbani mwiteni mnavyotaka, mpeni wali kwenye sinia moja na nyinyi, lakini kule muwe na ulimi mkavu. Na kazi iwe ni ya siku mbili, bima iwe ya kila siku mguu wake unapokuwa juu.

Mto. Nusra, mto umeteleza tena.

Nilitaka kusema nini... Bushra wa nyumba ya nyuma amekaa na sufuria langu kubwa tangu harusi ya mwanawe. Msiende kulidai, nimemsamehe, lakini mwambieni nilikuwa najua. Leso zangu wapeni wanawake watakaoniosha. Msinifanyie makubwa, msikope kwa ajili ya kulisha watu. Mniswalie, mnizike mapema, mrudi makazini.

Idris. Njoo karibu, sauti inanikimbia. Tangu Swabir aletwe kutoka hospitali akalazwa chumba cha uani, hujakanyaga mlango wake. Nusra humpelekea chakula, mimi nilikuwa nikijikokota kwenda nilipoweza, wewe unapita kando ya ukuta kama mwizi. Najua si ukatili. Ni haya. Unaona ukimtazama utajiona mwenyewe, basi umeamua ni rahisi kumfanya mtu baki. Lakini yeye kila nikiingia huniuliza, kaka hajambo? Duka linakwendaje? Wala hajalitaja lile neno la bima hata siku moja. Mimi nakupenda, mwanangu, wewe ndiye uliyenifanya niitwe mama, na ndiyo maana hasira yangu kwako haiishi.

Nusra, radhi yangu umeipata, ya ziwa na ya mimba na ya mgongo niliokubebea. Mungu akupe riziki isiyo na majuto, na wanao wakutii kama ulivyonitii. Swabir radhi yangu nilimpa jana. Na nyinyi mashahidi, Mungu awalipe kwa miguu yenu.

Yako, Idris, sikukunyima. Nimemwachia Swabir. Nimemwambia, akija kaka yako kukuomba, mpe, usimsumbue. Nenda kaichukue kwake.

Sasa hivi, si kesho. Kesho sina uhakika nayo. Uani ni hapo tu, nami nataka nikusikie. Nenda, baba, nenda.

Nyamazeni nyote. Mbarak, acha kusoma hiyo Yasini kidogo. Huyo kuku, mfukuzeni.

Amefika mlangoni? Piga hodi, Idris. Kwa nguvu... mwenzio hawezi kuja kukufungulia.

Nusra. Amepiga hodi, au ni mimi sisikii tena?