Sauti Iliyo Kwenye Kadi

Benchi la mbele ya duka la cherehani lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia wana elimu ya kila kitu isipokuwa ya kunyamaza. Asubuhi hiyo birika la kahawa lilikuwa katikati, na mwenye duka, Pindo, alikuwa ameshika kadi nyeusi, pana kama karata. Aliichomoa mwenyewe ubavuni mwa kompyuta ya mpakato ya marehemu mkewe. Mke, kabla ugonjwa haujamkata kauli, alirekodi humo maneno ya kumuaga binti yao siku ya ndoa. Ndoa ni Jumamosi. Kadi imetembezwa maduka manne, haisomeki.

— Imezimia tu, — alisema Breki, dereva aliyestaafu akabaki na honi ya mdomoni. — Kadi ni kama ufunguo, hauwashi gari la jirani.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, — akadakia Karani, mpiga chapa wa zamani. — Ulikuwa ukiiweka wapi?

— Kabatini, ndani ya kitambaa cha hariri.

— Basi! Hariri inakula umeme. Ianike juani.

— Iyeyuke? — Breki akaruka. — Ioshwe! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Nani kavua nguo?

— Kadi! Si imevuliwa kwenye mashine?

Pindo hakucheka. Siku ile mkewe alipomweleza ilipo sauti na namna ya kuifungua, yeye alikuwa akishona suruali ya mtu, cherehani inanguruma, akajibu “ndiyo, ndiyo” bila kuinua kichwa. Mwenye suruali hajaifuata mpaka leo.

— Mie naona ina haya, — Breki akashusha sauti. — Sauti ya mke wa mtu haitoki mbele ya wanaume wa dukani.

— Mbona nimeisemesha chumbani, peke yangu?

Hapo hata Breki aliangalia kikombe chake.

Akatokea fundi wa kompyuta, mwanamke mgeni mtaani, kaleta sketi ya kupunguzwa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Wakamweleza midomo mitatu kwa pamoja. Akaigeuza kadi, akaikwaruza kwa ukucha.

— Baba, hii ni plastiki tupu. Kompyuta za zamani zina tundu ubavuni. Ukitaka kuiongezea kitu, tuseme intaneti, unachomeka kadi yake hapo. Kiwandani wanaliziba kwa hiki, vumbi lisiingie. Ni kizibo.

— Kizibo, — alisema Pindo.

— Lakini memori si hukaa kwenye kadi? — Karani akauliza. — Kama ya simu?

— Ya simu, sawa. Aliyorekodi mama yamo kwenye diski, tumboni mwa mashine. Msivunjike moyo. Hata kama kioo kimepasuka, nusu saa nimeshayatoa.

Pindo akawatazama wenzake. Ni hapa hapa, mwezi uliopita, Breki aliposema kadi ndiyo roho, lililobaki ni bati; Karani akaapa ni kweli; naye Pindo, kwa mikono yake, akalipandisha lile bati juu ya mkokoteni wa vyuma chakavu, akafurahi meza imepata nafasi.

Breki akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

— Jumamosi ni kesho kutwa, — fundi akasema, akiinuka. — Twendeni basi. Mashine yenyewe iko wapi?