Kungoja Insulini ya Wanafunzi

Kahawa i kikombeni, na maneno yazidia,
Mmoja yu hatarini, wenzake wamsifia.

Benchi letu limeegemezwa ukutani, mkabala na kibanda cha Fundi Saa, na kila alasiri hukaliwa na watu walewale: Fundi mwenyewe, mgonjwa wa kisukari kwa miaka kumi na minne, Dereva, ambaye teksi yake huegeshwa hapo ikingoja abiria, mimi mshona viatu, na Wakili, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya ulimi wake, kwani mahakamani aliwahi kufagia tu. Wiki hiyo hoja ilikuwa moja. Mpwa wake Fundi, binti anayesoma chuo kikuu, alikuwa katika kikundi kinachoifundisha hamira kutengeneza insulini bora, isiyoharibiwa na joto.

— Hamira hii hii ya mkate? aliuliza Dereva.

— Hiyo hiyo, alijibu Wakili. Sindano ndiyo basi tena. Unakula mkate, sukari inashuka yenyewe.

— We nawe! Mkate si ndio unaompandishia?

— Huo ni wa zamani, bwana. Huu umesoma.

Tulicheka. Fundi hakucheka, alimwomba muuza kahawa maji, bilauri ya tano, akaimaliza kwa mkupuo mmoja.

— Mimi nasikia ukichomwa mara moja, umemaliza mwaka mzima, alisema Dereva.

— Mwaka tu? Hamira inaumuka! Ikishaingia mwilini inazaana. Unachomwa wewe, wanapona mpaka wajukuu.

— Ndiyo maana hii ya zamani nimeiacha, alisema Fundi taratibu. Miaka yote hii najitoboa tumbo asubuhi na jioni. Wakili kaniambia zikikutana mwilini zitapigana.

— Nilisema na narudia: damu ipokee mpya ikiwa safi.

— Mwanamume hasa wewe! Dereva alimpiga Fundi begani. Mimi ningeogopa.

— Navumilia. Ila tumbo linanisokota.

— Uchafu unatoka huo, alisema Wakili.

Hapo ndipo mpwa alipofika, mkoba begani, akitweta. Alikuwa amempigia mjomba wake simu tangu asubuhi bila kujibiwa.

— Shikamoo, mjomba.

— Marahaba, mama. Umeniletea?

— Nikuletee nini?

— Insulini yenu. Si ulisema imekubali?

Binti alichuchumaa mbele yake.

— Imekubali kwenye chupa, mjomba. Matone machache. Hata panya hajachomwa. Mpaka ifike kwa watu, mimi nitakuwa na mvi.

Fundi alikuwa akihema kwa kina na kwa haraka, kama mtu aliyepanda ngazi ndefu, na pumzi yake ilinuka utamu, kama tunda lililoanza kuoza. Binti aliinusa, uso ukambadilika.

— Mara ya mwisho umejichoma sindano lini?

— Jumapili... au siku ile umeme ulipokatika.

— Ni siku ngapi? Daktari ataniuliza. Nyie mnakaa naye kila siku: siku ngapi?

Dereva alimtazama Wakili. Wakili alitazama ndani ya kikombe chake.

Fundi alijaribu kuinuka, akaporomoka tena kwenye benchi. Tulimbeba mpaka kwenye teksi, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mpwa wake. Mimi nilikaa mbele. Wakili aliushika mlango.

— Nami nakuja.

— Utakaa wapi? alisema binti. Funga mlango.

Akaufunga.

Fundi alikata roho mapokezi, mpwa wake akiwa bado anaulizwa zilikuwa siku ngapi. Dereva na mimi tuliporudi jioni, benchi lilikuwa tupu, na Wakili alikuwa amesimama pale pale tulipomwacha.