Mzee Eliezeri, Mgawa Maji wa Yongoma, Apumzika

Jamani, siku imefika! Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Eliezeri anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kugawa maji ya mto Yongoma kwa wakulima wa mpunga wa chama chetu hapa Ndungu.

Mzee ni mtu wa Chome, juu huko karibu na msitu wa Shengena, mto unakotokea. Alishuka nao hadi tambarare. Mto haukusimama, ulienda zake Mkomazi, kisha Pangani, mpaka baharini. Yeye akabaki kwetu, akaoa, akapewa funguo za milango ya mfereji. Mila za kwao hakuziacha: sufuria lenye masizi halichovywi kwenye chanzo cha maji, basi. Siku ya harusi ya Jesca, binti wa hapa kwetu, wapishi walijisahau, wakapeleka masufuria ya pilau kwenye banio, pale maji yanapoingilia mfereji. Aliwakimbiza na mwiko wao wenyewe, bibi harusi anacheka mpaka shela inadondoka!

Ila mwaka ule wa ukame hakuna aliyecheka. Sisi wa mwisho wa mfereji miche ilishakuwa ya njano, na mimi kutwa nawaza watoto watakula nini. Mzee akapanda Chome kuwaomba watu wa juu wafungulie ndiva, yale mabwawa yao ya kienyeji. Wakamjibu, "Mnataka maji? Njooni msaragambo kwanza, mtoe tope!" Tukapanda na majembe kwenye kazi hiyo ya pamoja, wazee kwa vijana. Mzee akatangulia, akateleza, akazama mpaka kifuani. Mama mmoja wa huko, Veneranda, akapaza sauti, "Shikamoo mgawa maji! Leo umegawiwa tope!" Naye akaitikia "Marahaba" humo humo topeni. Mbavu hatuna! Kazi ilipokwisha, wakafungulia. Maji yalipotufikia tulicheza mferejini na viatu miguuni.

Juzi mkutanoni tulitaka kumpa godoro la kumuaga. Akakataa. Akaomba kitu kimoja tu: ukame ukija tena, maji yaanzie kwa wa mwisho. Macho yote kwa Filipo, mwenye shamba la kwanza kabisa. "Mzee, sasa unatuonea," akanung'unika, huku mkono wake unapanda. Na mingine yote ikapanda.

Asante sana, baba yetu. Chome unakorudi kuna baridi, tafadhali vaa sweta. Sisi wa mwisho wa mfereji, ambao ukame ukija tutakuwa wa kwanza, tunakuombea uzee mtamu.